Majina Yasiyosomwa

Abudo hakupiga hodi. Alisukuma ubao uliokuwa mlango wa uwa, akaingia na viatu vyake vya vumbi mpaka katikati, pale ambapo Biasha alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Biasha alivuta kanga kichwani kwa haraka, karibu ajikate kidole.

"We kijana! Kwenu hakuna hodi?"

"Kwetu hakuna nyumba, dada," alisema Abudo. "Nnamtaka mwalimu."

Machano alitoka chumbani na fulana na msuli, kalamu ingali mkononi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na pale Mpendae alijulikana kwa jambo moja: hakubali kushindwa neno. Alifundisha insha katika chuo cha ualimu nje ya mji. Abudo alikuwa mwanafunzi wake, mmoja katika wakimbizi wa Msumbiji waliopewa nafasi chuoni mwaka huo wa sabini na moja. Alikuwa ametoka Kizimbani jioni ile ile, alikokaa wiki mbili akisaidia vitalu vya mikarafuu.

"Nnasikia kesho saa kumi insha ya Atija inasomwa redioni."

"Inasomwa na Atija mwenyewe. Chuo kizima kinajua. Wewe ndiyo unaamka leo?"

"Isisomwe."

Machano alicheka. Alikuwa na haki ya kucheka, au alijiona anayo. Tangu mwaka uanze alikuwa amevitupa kabatini vitabu vya zamani vya insha, vilivyowataka watoto wa Unguja waeleze theluji na bustani za waridi. Aliwaketisha wanafunzi wawili wawili, wa hapa na mkimbizi, akawaambia waulizane. Kwenu maji mnachota wapi? Maiti anaoshewa wapi? Nani hulia kwanza? Kisha kila mmoja aandike. "Sitaki mtu aniambie kijiji chao kizuri," alikuwa akinguruma. "Kizuri hakionekani! Nipe jina la kisima. Nipe jina la anayechota." Na insha zilizokuwa kavu kama mkate wa juzi zikaanza kutoa jasho. Wapemba waliandika Msumbiji kana kwamba wamezaliwa huko. Lakini hapana aliyemfikia Atija. Insha yake Machano aliisoma mbele ya darasa akiwa amesimama, na mkuu wa chuo, Bwana Kificho, akaipeleka redioni.

"Ametaja kijiji chetu, Nangata," alisema Abudo. "Wenzangu wamenisimulia neno kwa neno. Ametaja kisima. Ametaja Bi Muaziza, kwamba huficha unga kwa ajili ya wapiganaji wa msituni. Mwalimu, Mreno ana watu wanaosikiliza redio. Kazi yao ni hiyo tu, wanakaa, wanasikiliza, wanapewa na kahawa. Nangata nzima imetiwa ndani ya seng'enge. Mama yangu yumo. Mama yake Atija yumo."

"Insha haina bunduki, Abudo."

"Wao wanazo."

Atija alikuwa ametokea mlangoni mwa jiko, mikono ina majivu. Alikaa nyumbani kwa Machano kwa sababu chuo hakikuwa na dahalia ya wanawake, na kwa miezi ile alikuwa amekwisha kuwa mtu wa nyumbani. Alimtazama Abudo bila ya kupepesa.

"Mwambie," Abudo alimwambia. "Mwambie mwalimu wako kama naongopa."

"Huongopi," alisema Atija. "Na itasomwa."

Abudo alitema mate chini, uwani kwa watu, akatoka. Ubao wa mlango aliuacha umelala mchangani.

Bi Time, mamake Machano, mwanamke wa Tumbatu asiyepitwa na neno japokuwa macho yalikuwa yameanza kufifia, aliuliza kutoka barazani: "Huyo aliyetema mate kwangu ni mtoto wa nani?"

Biasha aliinuka, akaenda kuusimamisha ubao.

*

Machano hakulala na hasira. Aliimaliza pale pale. Alimweka Atija kitako juu ya jamvi, Biasha akikaa kando na mtoto wao Mjaka kifuani.

"Ulijua?"

"Nlijua, mwalimu."

"Ulijua Mreno anasikiliza, ukataja majina?"

"Nlitaka wasikie. Si Mreno. Wao." Atija alifuta majivu mkononi kwa pindo la kanga. "Nangata ipo redio moja, ya muuza duka. Anaifunika guo, anasikiliza Unguja, kwa sababu Kiswahili chenu na Kimwani chetu vinaelewana. Akisikia jina la kisima atakimbilia kisimani. Nimewataja wanawake wa pale mmoja mmoja ili yeyote atakayesikia ampelekee mama."

"Ampelekee nini?"

"Kwamba nipo." Atija aliliachia pindo la kanga. "Kwetu mtu akipotea, mamake humngoja mavuno matatu. Ya tatu yakiingia ghalani naye hajarudi, mama hufunga msiba. Hugawa nguo zake. Na mtoto wa kike wa kwanza kuzaliwa katika ukoo hupewa jina lake. Hapo umekwisha kuzikwa, mwalimu. Hata ukirudi kwa miguu yako, jina lina mwenyewe. Utaingia mlangoni kwenu kama mgeni, utakaribishwa maji, hutaliliwa."

"Na mavuno ya tatu lini?"

"Mpunga unakatwa mwezi huu."

Biasha alimhamisha mtoto bega la pili. Machano alisimama, akakaa. Kilichomchoma zaidi alikiona aibu kukisema, lakini hakuwa mtu wa kuzuia neno.

"Mimi nlidhani nimekufundisha kuandika."

"Umenifundisha. Bila ya wewe nsingejua kama kisima kinaingia katika karatasi."

"Nami nikakipeleka redioni." Alicheka kicheko kisichokuwa na kitu ndani. "Na mama yake Abudo?"

Atija aliinamisha kichwa.

*

Asubuhi Machano alivaa shati lake jeupe, akaenda kumwona Bwana Kificho kabla ya kengele. Alingojeshwa kwenye benchi la nje, mahali wanapongojeshwa wanafunzi wenye makosa, na wanafunzi wakapita wakimwamkia kwa adabu iliyozidi kidogo. Kengele ililia. Darasa lake lilianza bila ya yeye. Ndipo alipoitwa.

Bwana Kificho alikuwa mtu mkubwa, mtaratibu, mwenye tabia ya kunyoosha vitu vilivyokwisha kunyooka. Alinyoosha kitambaa cha meza.

"Sema, Machano."

Machano alisema. Alieleza seng'enge, redio, Bi Muaziza na unga wake. Alisema vizuri, kwa kuwa kusema alijua. Bwana Kificho alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufungua dirisha lililokuwa limefungwa, na nje wanafunzi wawili waliokuwa wakifagia wakaacha kufagia.

"Kwa hivyo unamwogopa Mreno," alisema Bwana Kificho, kwa sauti ya kufika kwa wafagiaji.

"Simwogopi. Mimi siko Nangata."

"Uko Unguja, kisiwa kilichopindua sultani, na bado miguu inakutetemeka. Ungekuwa Msumbiji ungefanyaje, ungejikojolea?"

Fagio moja lilicheka. Machano alilipa dirisha mgongo.

"Nnaomba majina tu yatolewe, Bwana Mkuu. Insha ibaki."

"Nani alinijia hapa na insha hii, akiipunga kama bendera? Nani aliniambia, 'Uzuri wake ni majina'? Si wewe? Nimeshapiga simu. Wakubwa watasikiliza. Imekwisha kupigwa taipu na iko redioni. Leo niwaambie nini, mwalimu wangu amepatwa na homa ya Mreno?" Alikaa. Sauti yake ikawa laini, na ulaini ule ulikuwa mbaya zaidi. "Una mama mzee, una mtoto mchanga, mnakaa Mpendae katika nyumba inayovuja. Jina lako nimelitia katika watu watakaopewa fuleti mpya. Ni mimi nimelitia. Nenda kafundishe."

Machano alitoka. Katika darasa aliwakuta wamekaa kimya, wawili wawili kama alivyowazoesha, ila Abudo alikuwa amekaa peke yake mbele kabisa, mikono juu ya dawati, akimtazama. Machano alichukua chaki. Aliandika tarehe ubaoni, na baada ya tarehe hakupata la kuandika.

*

Adhuhuri alirudi nyumbani, akaandika insha nyingine kwa mkono wake. Aliandika upesi, akivuja jasho, na alipomaliza akamsomea Biasha, aliyekuwa ametoka kwenye foleni ya mchele na kapu tupu.

"'Nchi yetu ni tajiri kwa mali ya asili. Wananchi wake ni wachapakazi, nao wanapambana bega kwa bega dhidi ya mkoloni katili…'"

"Huyu nani?" aliuliza Biasha.

"Atija."

"Si Atija huyo. Huyo ni bango la ukutani." Aliliweka kapu chini. "Baba Mjaka, mwaka mzima unawapigia watu kelele humu, kisima, kisima, mpaka na mimi nkipika naona jina la chungu. Leo mtoto wa watu ametoa kilicho moyoni, unamfuta kwa dasta?"

"Nimfanyeje? Akisoma majina, watu watakufa. Asiposoma, anakufa yeye. Nkizuia, fuleti imekwenda. Haya, wewe mjuzi, niambie!"

"Usinipigie ukelele wa darasani. Mimi nimetoka kusukumwa na watu tangu alfajiri, na mchele ukaishia kwa mtu wa mbele yangu." Macho yake yalikuwa yameiva, lakini hakulia. "Fuleti naitaka. Usidhani siitaki. Nshaona kwa macho yangu bomba la maji ndani kwa ndani. Lakini nsingeweza kuoga maji hayo huku nikijua."

Bi Time alikohoa barazani. "Mwenye mama ni Atija," alisema. "Na kijana aliyetema mate ana wake. Nyinyi mnabishana nini? Waacheni wakae wao wawili."

Ikawa hivyo. Biasha alikwenda mwenyewe kumwita Abudo. Safari hii kijana alipiga hodi, akaingia, akamwamkia Bi Time shikamoo, akakaa mkabala na Atija juu ya jamvi. Walizungumza Kimwani kwa sauti ya chini. Machano, akiwa chumbani, aliyasikia maneno kama mtu anayesikia nyumba ya jirani: mengine anayajua, mengine yanampita. Alisikia "mama" mara nyingi. Alimsikia Abudo akipandisha sauti, kisha akilia, kilio kifupi cha mwanamume anayejizuia. Atija hakusikika akilia.

Machano alipotoka chumbani, Atija alichukua insha aliyoiandika mwalimu wake, akaisoma, akairudisha kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwalimu. Hii sitaisoma."

"Utasoma ipi?"

"Twende, tusichelewe."

*

Kituo cha redio kilikuwa Raha Leo, na mtangazaji wa kipindi alikuwa Bi Shemsa, mwanamke mwembamba aliyezoea watu kutetemeka mbele yake. Alimchukua Atija ndani, akafunga mlango mzito. Machano na Bwana Kificho walibaki chumba cha pili pamoja na fundi mitambo, wakitazama kupitia kioo. Bwana Kificho alikuwa amevaa suti. Alikuwa pia na nakala yake ya insha, na aliitandika juu ya goti na kuweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

Kupitia kioo Machano alimwona Bi Shemsa akimkabidhi Atija karatasi zile zile za taipu, zenye majina yote. Alimwona akimwuliza jambo. Atija alitikisa kichwa. Bi Shemsa aliangalia karatasi, akamwuliza tena. Atija alitikisa kichwa tena. Taa nyekundu iliwaka.

"Wasikilizaji," ilisema sauti ya Bi Shemsa katika spika, "leo tunaye mwanafunzi mmoja kutoka Msumbiji, ambaye ameomba tusimtaje jina."

Kidole cha Bwana Kificho kilisimama. "Kwa nini?"

"Sijui," alisema Machano, na kweli hakujua.

Atija alianza kusoma. Sauti yake mwanzo ilikuwa nyembamba, halafu ikapata mwili. "Kwetu asubuhi haianzi na jua, huanzia kwenye ndoo. Wanawake huenda kisimani kabla ya kuamka askari, na mwenye kutangulia huacha alama ya kidole ukingoni, ili wa pili ajue kuwa amepita salama…"

"Kisima gani?" Bwana Kificho alinong'ona. "Hapa pana jina. Ameruka jina."

"…Mmoja wao huchota ndoo mbili. Ya pili si yake…"

"Ameruka mstari! Unga uko wapi? Machano, ameruka unga!" Kidole kilikuwa kikipanda na kushuka kama mtu aliyepotea njia. "Amefika wapi huyu?"

Atija alikuwa amefika ukurasa wa pili, ule wa majina ya wanawake. Alinyamaza. Kimya cha redioni si kama kimya cha nyumbani. Fundi aliinua kichwa, Bi Shemsa akasogea mbele. Atija alizigeuza karatasi, akazilaza meza uso chini, akaweka kiganja juu yake.

"Kwetu yuko mwanamke," alisema, na sasa hakuwa akisoma. "Siku moja walimjia wageni wa posa. Walipikiwa wali na mchuzi wa samaki. Mchuzi ukatiwa chumvi mara mbili. Wageni walipotema, mwanamke yule alisema: nisameheni, ni mkono wangu, uzee umeniingia. Haukuwa mkono wake."

Bwana Kificho alisimama. "Hili halimo! Hili halikuandikwa!" Aliuendea mlango mzito.

"Bwana, taa nyekundu," alisema fundi.

"Mimi ndiye mkuu wake!"

Machano alifika kwanza. Hakujiona akitembea. Alijikuta mgongo wake uko mlangoni na uso wa mkubwa wake uko karibu mno, unanuka hiliki.

"Toka, Machano."

"Anamalizia."

"Unajua unachofanya?"

"Nnajua. Fanya taratibu, Bwana Mkuu. Tunasikika."

Na kweli, kwa kuogopa kusikika, Bwana Kificho alibaki amesimama, mkono juu ya bega la Machano, kwa mbali ungedhani wanaagana.

"Anayeujua mkono uliotia chumvi ni yeye," ilisema spika, "na mwenye mkono, na hakuna wa tatu. Basi mwanamke yule nnamwambia: mkono ule uko salama. Unakula, unaandika, una watu wema. Na zile nguo zisigawiwe. Mwenyewe bado anazitaka."

Taa nyekundu ilizimika.

Bwana Kificho alirekebisha koti, akazikunja karatasi zake mara mbili. Hakupiga kelele. "Kesho usije chuoni," alisema. "Na jina lako nitalitoa mwenyewe, kama nilivyolitia."

*

Nje, chini ya vipaza sauti vya uwanjani vilivyokuwa vikirusha kipindi, watu walikuwa wametawanyika tayari. Waliobaki walikuwa wanabishana kuhusu chumvi, kama mwanamke yule alifanya sawa au la. Biasha alikuwa pale na mtoto kiunoni. Alimtazama mumewe usoni, akauliza neno moja.

"Imekwenda?"

"Imekwenda. Fuleti na kazi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari ya mgonjwa aliyokuwa akiitarajia. Kisha akamkabidhi Machano mtoto, ili mikono yake iwe huru, akamkumbatia Atija mbele za watu.

Abudo alikuja mbio kutoka upande wa pili wa uwanja. Alisimama mbele ya Atija, kifua kinapanda na kushuka.

"Ni wewe?" alisema. "Ile chumvi, ni wewe?"

Atija alivuta kanga, akaficha mdomo.

"Mwalimu, aliyekuja kuposa siku ile ni kaka yangu! Alikunywa maji mpaka usiku. Kumbe! Nangata nzima tumemcheka mama yake miaka na miaka, kumbe ni huyu!"

"Kaka yako alikuwa na meno kama jembe," alisema Atija, "na nlimwambia mama sitaki, hakusikia."

Abudo alicheka mpaka akajishika magoti. Machano naye alicheka, na hakujua kama anacheka chumvi au anacheka kesho, atakapoamka hana darasa la kwenda. Halafu kicheko kilimwisha Abudo, kikaisha kwa wote.

"Nangata nzima inaijua chumvi ile," alisema Abudo taratibu, kana kwamba anahesabu. "Muuza duka alikuwepo, alikula. Akisikia atajua. Na hakuna Mreno atakayejua." Akatazama vipaza sauti vilivyokuwa sasa vinapiga muziki. "Kama redio yake ina betri. Kama hawajamnyang'anya. Mwalimu, hii inafika mpaka kule?"

Machano, mtu asiyekubali kushindwa neno, alitafuta neno.

"Sijui," alisema. "Wallahi, sijui."

Walianza kutembea kuelekea Mpendae, Biasha mbele, Atija nyuma yake, wanaume wawili mwisho na mtoto. Walikuwa wameshapita nyumba nyingi Atija aliposema, bila ya kugeuka:

"Kama hawakusikia, watampa mtoto jina langu. Si kosa lake." Alitembea hatua kadhaa. "Alivae vizuri tu. Mimi mtanipa jingine."